Kuomba pesa za uzamivu wa wanyamapori Uganda: anza na akaunti

Pesa zangu za kwanza za utafiti ziliingia Kampala mwezi wa tano. Mimi nilizigusa mwezi wa tisa. Katikati hapo mahindi ya watu wanaopakana na msitu wa Kibale yalikomaa, ndovu wakaja kula kama kawaida yao, wenye mashamba wakapiga madebe usiku kucha, na msimu ukaisha. Pendekezo langu zima lilihusu ndovu wanaovamia mahindi. Nilipofika na madaftari yangu, mahindi yalikuwa ghalani na ndovu wamerudi msituni wanatafuna majani.

Basi tuanzie huko huko: akaunti.

Kabla hujaandika hata kichwa cha pendekezo, nenda ofisi ya fedha ya chuo chako uulize mambo matatu. Pesa za mfadhili huingia akaunti gani? Chuo kinakata asilimia ngapi? Nani anasaini ndipo zitoke? Usiulize kwa simu. Mimi niliambiwa kwa simu "hakuna shida, daktari," neno daktari likanilevya na shahada yenyewe bado sijaipata. Kumbe pauni zikishafika zinataka barua ya idara, barua ya kitivo, fomu ya kuombea fedha, na sahihi ya mzee mmoja aliyekuwa likizo. Aliporudi likizo akaenda warsha. Nilikaa kwenye lile benchi la korido mpaka karani akawa ananihesabu wakati wa chai.

Ukishapata majibu, yatie kwenye bajeti na kwenye ratiba. Makato ya chuo yajue mapema, kwa sababu wafadhili wengine hawayalipi, na hapo utayatoa kwenye petroli ya boda. Halafu acha miezi minne kati ya pesa kuingia na siku ya kwanza ya kazi. Ukizipata mapema, hakuna atakayekulaumu.

Pili, usichanganye ada na pesa za porini. Rufford Foundation ya Uingereza, wanaotoa ruzuku ndogo ndogo za uhifadhi, wanataka pesa ziende kwenye kazi ya uwandani. Ada ya masomo hawalipi, na utafiti wa kitaaluma mtupu usiomsaidia mnyama hawautaki. Kwa hiyo waeleze ndovu na wakulima watapata nini, sio tasnifu yako itakuwa na sura ngapi. Ada tafuta kwingine: RUFORUM, muungano wa vyuo vikuu vya Afrika wa mambo ya kilimo, ambao makao yao yako hapo hapo Makerere, hutangaza nafasi za uzamivu, na Jumuiya ya Madola ina ufadhili wa kusomea Uingereza, pamoja na ule wa kukaa huko hadi mwaka mmoja huku umesajiliwa chuo cha nyumbani.

Kwenye bajeti, usiandike "usafiri" ukaweka milioni nne. Niliandika hivyo, nikarudishiwa swali la mstari mmoja: usafiri wa nani, kwenda wapi? Andika boda siku sitini, betri za kamera za kutegea wanyama, gambuti za wasaidizi wawili, posho ya askari atakayekusindikiza. Wadhamini, wale wa kukuandikia barua za kukupendekeza, unawajua: wakumbushe wiki mbili kabla, kisha siku mbili kabla, kisha wapigie.

Vibali. Pendekezo, wasifu na barua ya chuo vipeleke UWA, yaani Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, pale Kamwokya, Kampala. Ukiwa na maswali ya kuwauliza wakulima, pitia kwanza kamati ya maadili iliyoidhinishwa, ndipo usajili utafiti UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Hayo yaandike kwenye ratiba ya pendekezo, mfadhili aone unaijua njia. Kosa la wengi ni kudhani kila msitu ni mbuga. Kibale ni hifadhi ya taifa, iko chini ya UWA. Budongo ni msitu wa hifadhi ulio chini ya NFA, mamlaka ya taifa ya misitu, kwa hiyo huko unabisha milango miwili, wa NFA na wa UWA. Na kama damu au nywele za mnyama aliye kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zitapimwa ng'ambo, kibali cha kuzisafirisha kianze siku ile ile unapoanza vingine.

Nakala za vibali toa tano. Afande wa getini atataka yake, mhifadhi mkuu yake, na mwenyekiti wa kijiji atataka yenye muhuri unaoonekana vizuri.

Raundi ya pili niliomba pesa ziingie mwezi wa kwanza, kwa ajili ya mahindi ya mwezi wa sita. Ziliingia mwezi wa pili, nikazipata wa tano. Wa sita nilikuwa juu ya kichanja cha mlinzi wa shamba, tochi mkononi, madebe yanalia upande wa pili wa bonde.