Umepewa kitengo cha ushauri nasaha shuleni? Anza na namba za simu, semina zitakuja

Kama umepewa hiki kitengo najua ilivyokuwa. Kikao cha kufungua shule, mkuu anasoma majukumu, taaluma fulani, nidhamu fulani, mazingira fulani, chakula fulani, alafu anafika kwenye ushauri na unasihi anaangaza macho anasema "madam hapa ana upole, apewe huyu", watu wanapiga makofi imeisha hiyo. Hamna barua, hamna semina, hamna chumba, na vipindi vyako vya Kiswahili viko palepale. Mi ndo nilivyoanza, shule ya kata huku Tanzania, wanafunzi mia nane na kitu. Kule Marekani chama chao cha washauri wa shule, ASCA, kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na hao ni watu waliosomea hiyo kazi hawana madaftari ya insha ya kusahihisha, sa piga hesabu mwenyewe.

Miezi ya kwanza nilikuwa natafuta vitabu, naomba watu pdf, nadhani nikipata kitabu kizuri nitakuwa mshauri. Kumbe kesi ya kwanza nzito haikunikwamisha kwa sababu ya kitabu, ilinikwamisha kwa sababu ilikuwa Ijumaa saa tisa mchana, mtoto analia mbele yangu, na sikuwa na namba ya mtu hata mmoja wa kumpigia. Kwaiyo huu mwongozo unaanzia hapo.

Wiki ya kwanza omba ruhusa siku moja uzunguke, na uzunguke kwa miguu yako usipige simu, maana mtu aliyekuona uso anapokea simu yako saa mbili usiku, asiyekujua hapokei. Anza kwa afisa ustawi wa jamii, kama kata yenu haina nenda halmashauri. Toka hapo nenda polisi, usiishie kaunta, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, mjue anayekaa pale kwa jina. Alafu kituo cha afya, na hapa nakupa siri ambayo mi niliijua nimechelewa sana: manesi wa CTC, ile kliniki ya wanaoishi na VVU. Wale wamefundishwa kushauri, wanakaa na mtu anayepokea habari ngumu kila siku ya Mungu, wanajua kunyamaza, na wako jirani na shule kuliko mwanasaikolojia yeyote. Uliza pia mratibu wa afya ya akili wa wilaya ni nani. Mtendaji wa kata naye mtembelee, muulize kamati ya MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, inakutana lini, maana kwenye makaratasi kamati zipo, ila zingine zimelala mpaka mtu aje aziulize.

Kwa kila mmoja uliza maswali matatu tu: ukiwa likizo nani anashika nafasi yako, nikimleta mtoto naanzia mlango gani, na ukipigiwa usiku unapokea? La tatu watacheka, we liulize tu.

Namba nyingine ni 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, inaendeshwa na shirika la C-Sema. Walimu wengi wanaibandika ukutani kwa ajili ya watoto alafu wanasahau kwamba na wao wanaweza kupiga. Piga mwenyewe ukiwa huelewi kesi inaenda wapi, eleza, watakuelekeza.

Sa tuje kwenye kosa ambalo karibu wote tunalifanya. Mtoto anakuja anasema "madam naomba usimwambie mtu", na we kwa huruma unajibu "sitamwambia mtu". Usiseme hivo kamwe! Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote kwenye jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, kwaiyo ukiahidi siri ya moja kwa moja umeahidi kitu ambacho huna. Mi siku hizi kabla hajafungua mdomo namwambia hivi: "Utakayoniambia sitayatembeza. Ila kama kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, nitamshirikisha mtu wa kusaidia, na nitakwambia kwanza ni nani." Nilidhani watakimbia. Wachache wanakimbia kweli, wengi wanakaa, na hata wale waliokimbia wengine wamerudi wiki mbili baadae.

Kesi ya ubakaji ina saa yake. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndo bora, kwaiyo usimwambie mtoto "kaoge kwanza utulie", asioge, nguo asifue, aende hospitali. PF3, ile fomu ya polisi, inahitajika kwa ajili ya kesi, ukiwa na mtu wa dawati unayemjua inapatikana haraka, ila kama hali ni mbaya hospitali kwanza karatasi zitafuata. Na usimhoji kama mpelelezi. Andika alichosema kwa maneno yake yeye, tarehe, saa, basi, kazi ya kuuliza maswali magumu ina wenyewe. Watakuja wajomba na wazee kukuomba yaishe kifamilia, wengine watakuja na mbuzi kabisa, hapo ndo utamshukuru yule afisa ustawi uliyemtembelea wiki ya kwanza maana kesi inakuwa sio yako tena peke yako.

Anayesema amechoka kuishi muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Najua inatisha kuitamka, wengi tunaogopa tutampa wazo, ila kuuliza hakumpandikizii, kunampa nafasi ya kushusha mzigo. Usimwache peke yake hata kwenda chooni, mtafute mzazi au mlezi (kama sio yeye anayemuumiza), nendeni hospitali siku hiyohiyo sio kesho.

Kwa wasichana wenye mimba weka kopi ya Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 kwenye droo. Ule ndo ulioruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwemo, warudi kwenye shule rasmi. Bado utakutana na mzazi, sa ingine na mwalimu mwenzako, anayemwambia binti shule kwako imekwisha. Hapo huna haja ya kubishana, toa karatasi.

Sasa ishu ya nidhamu. Kama we ni mwalimu wa ushauri na wakati huohuo ndo unashika fimbo asubuhi getini, hiki kitengo umekiua mwenyewe. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko anatoa mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, visizidi vinne, na viandikwe, kwaiyo hamna mahali palipoandikwa kwamba kila mwalimu lazima achape. Nenda kwa mkuu kwa adabu, mwambie mheshimiwa nitoe kwenye kamati ya nidhamu maana mtoto niliyemchapa jana leo hawezi kuniambia baba yake wa kambo anamfanya nini. Wangu alinuna kidogo, alafu akakubali.

Na siri. Hapa niseme la kwangu japo linaniuma. Mwaka wangu wa kwanza binti wa form three alinieleza mambo ya kwao, nikaenda stafu nikamweleza mwenzangu mmoja ninayemwamini, kwa nia njema kabisa nilikuwa nataka ushauri. Mpaka jioni meza nzima inajua, kesho yake mwalimu mmoja akamtania darasani. Yule binti hakuongea na mimi tena mpaka anamaliza form four, ananipita kama mti. Tangu hapo nina daftari moja, ndani hamna majina kuna herufi na namba, linafungiwa, na sipigi picha ukurasa wake wala situmi kesi ya mtoto kwenye grupu la WhatsApp hata kama ni la walimu watupu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 siku hizi, ila hata isingekuwepo.

Chumba usisubiri. Mi nakaa chini ya mwembe nyuma ya maabara, kila mtu anatuona na hakuna anayetusikia, inamlinda mtoto na inanilinda mimi pia, hasa wewe mwalimu wa kiume usijifungie ofisini na binti hata dakika tano.

Tatizo ni hili sasa, ukishaziba siri kila upande mzigo unabaki kifuani kwako, na ndo maana unahitaji mtu wa kitaaluma wa kumweleza kesi, sio mume, sio shoga yako. Washauri wa kweli duniani kote wana mtu anayewasikiliza wao na kuwarekebisha. Mi mtu wangu ni nesi wa CTC aliyekaribia kustaafu, namwona mara moja kwa mwezi, simtajii jina la mtoto wala darasa, namweleza nilichofanya ananiambia hapa ulikimbilia kutoa jibu, hapa ulikuwa unajisikiliza mwenyewe. Sa ingine inauma kuliko kukaguliwa na mdhibiti ubora. Pamoja na hilo tuko walimu watatu wa shule za jirani, Jumamosi moja kila mwezi tunakutana, kila mtu analeta kesi moja bila majina na tunajibu maswali mawili tu, umefanya nini na umekwama wapi. Hamna posho, tunachangia chai na mihogo. Grupu letu la simu ni la kupanga siku basi.

Upande wa kusoma, kama una jioni moja tu soma mwongozo wa WHO wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ulitoka 2011, haukulazimishi uwe mtaalamu, msingi wake ni maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia usalama na nani ana hali mbaya, sikiliza bila kulazimisha mtu aongee, unganisha na msaada. Ukitaka kwenda mbele chuo cha Johns Hopkins wana kozi ya mambo hayohayo kwenye Coursera, ni Kiingereza, bando liwepo. Semina za serikali ziulizie kwa afisa elimu kwa barua sio kwa mdomo, barua inabaki kwenye faili na nafasi ikija jina lako linaonekana. Mlioko Kenya mmetutangulia kidogo, mna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014 na bodi yake, kwaiyo kabla ya kulipia diploma popote ulizia kama bodi inaitambua. Huku kwetu kuwa macho na wale wa semina za siku mbili hotelini, unalipa laki na kitu unatoka na cheti kinachong'aa kuliko cha chuo kikuu na hujafundishwa hata kunyamaza mtu akiwa analia.

Jiangalie na wewe. Mi niligundua nimezidiwa siku nilipomfokea mwanangu kwa kumwaga maji. Siku hizi naonana na wanafunzi Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, dharura tu ndo siku yoyote, na nikitoka kwenye kesi nzito siendi nyumbani moja kwa moja, napita gengeni kwa dada mmoja nachagua nyanya polepole mpaka kichwa kishuke. Usingizi ukigoma wiki mbili nenda hospitali na kadi yako ya bima, we sio chuma.

Alafu kuna uhamisho, ambao huwa unakuja bila hodi. Ukiondoka mwachie anayekupokea zile namba, na ikiwezekana mtembee naye mkamtambulishe kwa dawati na kwa ustawi. Daftari usimwachie. Muulize kila mtoto ambaye bado unamfuatilia, unataka nimweleze mwalimu mpya au uanze mwenyewe? Nilipohama shule ya kwanza niliwauliza sita, wanne wakasema mweleze, mmoja akasema ataanza mwenyewe, mmoja akaniomba nikate ukurasa wake mbele yake. Kesi yake ilishaisha siku nyingi, nikaukata.