Somo: Kuuza jengo la ofisi likiwa na wapangaji, Milimani Kisumu

Nimeulizwa hii kitu inboksi hadi nimechoka, naandika mara moja.

1. Fanya sachi ya taito yako kabla mnunuzi hajaifanya. Kama ni lisi ya serikali, angalia miaka iliyobaki.

2. Lipa reti za kaunti, chukua kliaransi.

3. Bei: zile nyumba za zamani zenye kompaundi kubwa zilizogeuzwa ofisi, divelopa hanunui kuta, ananunua ploti. Valua akupe hesabu mbili, ya kodi inayoingia na ya ploti ikiwa tupu.

4. WAPANGAJI. Hapa ndio dili hufia. Mtu anajigamba eti lisi ni ya miaka mitatu na kuna kifungu cha notisi kwa hivyo atawatoa saa yoyote, kumbe hicho kifungu ndicho kinamfunga. Chini ya Sura ya 301 (sheria ya Kenya inayolinda wapangaji wa biashara), ofisi inayouza huduma (kliniki, wakili, bima) ikiwa haina mkataba wa maandishi, ama mkataba hauzidi miaka 5, ama unaruhusu kuuvunja ndani ya miaka 5 bila kosa lolote, huyo mpangaji analindwa. Kumtoa ni notisi ya fomu maalum, miezi 2 kwenda juu, na sababu inayokubalika kisheria. Kubomoa ujenge upya ni sababu halali, lakini akikimbia traibunali (ile ya kesi za wapangaji wa biashara) notisi inalala hadi kesi iamuliwe. Sasa wewe ulishaahidi mnunuzi jengo tupu kwa siku 90, na dipositi yake ya 10% umeshika. Aliyevunja mkataba ni nani? Andika kwa agrimenti wazi: unauza na wapangaji ndani, ama tupu.

5. Ushuru: 15% ya faida unalipa wewe muuzaji (kabla ya 2023 ilikuwa 5%). Ushuru wa stempu, 4%, analipa mnunuzi. VAT uliza mtu wa ushuru kabla ya kusaini, sio baada.

MASWALI

Mdau wa Kondele: Boss si nikate tu stima watoke wenyewe?
— Kata, halafu uandae pesa ya fidia. Soma namba 4.

Mgeni: Robo ekari Milimani ni ngapi saa hii?
— Nimesema valua. Mimi si broka.

Dada wa Riat: Jatelo asante. Mpangaji wangu ni ofisi ya kaunti, naye analindwa?
— Swali safi dada. Hapana, serikali ikiwa upande wowote wa lisi hiyo kinga haiko, mnafuata mkataba wenu vile uliandikwa. Na NGO isiyolipisha huduma pia mwambie wakili aangalie vizuri, inaweza kuwa nje ya Sura ya 301.

Dada wa Riat: Na nikipitisha plani ya ghorofa kaunti kabla ya kuuza?
— Hapo umefikiria. Mnunuzi anaona kazi imeanza, na traibunali hutaka kuona ushahidi kama huo kwamba kweli mtabomoa, sio maneno. Ila ghorofa ikienda juu KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) lazima wapitishe urefu sababu ya ndege, anza nao mapema.