Kununua na kutunza yakuti samawi: uliza kwanza jiwe limefanyiwa nini

Mteja aliwahi kuniletea pete aliyoisugua kwa limao ili ing'ae. Jiwe lilikuwa limejaa mikwaruzo myeupe kama nyufa za barafu. Aliuziwa kama yakuti samawi safi (kito kinachoitwa sapphire kwa Kiingereza), kumbe nyufa zake zilikuwa zimejazwa kioo chenye madini ya risasi, na ukali wa limao ukakila kile kioo. Iliniuma sana kumwambia. Tangu siku hiyo, swali ninalomfundisha kila mnunuzi ni hili: jiwe limefanyiwa nini? Bei inafuata jibu, na namna ya kulisafisha pia.

Hatua ya 1: Litazame kwenye mwanga wa mchana.
Taa za dukani hupamba. Sogea dirishani, kisha urudi kwenye taa, maana yapo mawe yanayopendeza mchana na kugeuka karibu meusi usiku. Weka jiwe juu ya kidole, ulitazame kutoka juu. Ukiona ngozi yako katikati ya jiwe, limechongwa bapa mno: mwanga unapita chini badala ya kurudi machoni. Tafuta buluu iliyokolea lakini iliyo hai. Na usifungwe na buluu tu. Yakuti samawi huwa pia ya njano, ya waridi na ya kijani. Ikiwa nyekundu ndipo huitwa rubi, ingawa madini ni yale yale.

Hatua ya 2: Tumia lenzi ya kukuza mara 10.
Hapa usiwe na haraka. Jiwe la asili mara nyingi lina alama ndani: vijisindano vyembamba, vijiwe vidogo, au mikanda ya rangi iliyonyooka yenye pembe. Mikanda iliyopinda kama mifereji ya sahani ya santuri ni dalili ya jiwe lililotengenezwa na binadamu kwa moto, njia aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902. Viputo vya duara vinaonya pia: huenda jiwe limetengenezwa, au limejazwa kioo. Jiwe la kutengenezwa si baya. Ubaya ni kuuziwa kwa bei ya jiwe la asili.

Hatua ya 3: Uliza, na jibu liandikwe.
Mawe mengi sokoni yamechomwa kwa joto kali ili rangi ikolee. Hilo ni jambo la kawaida, rangi hiyo haitoki, mradi muuzaji aseme wazi. Lililopenyezwa rangi kwa titani (aina ya metali) ni suala jingine: rangi imekaa juu juu, na likichongwa upya huweza kupauka. Kwa jiwe la bei kubwa, dai cheti cha maabara isiyo ya muuzaji.

Hatua ya 4: Lisafishe.
Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini. Sugua hasa chini ya jiwe, ndipo mafuta ya ngozi hujificha na kuzima mng'aro. Suuza, kausha kwa kitambaa. Lililojazwa kioo lifute kwa kitambaa chenye unyevu tu, na lisiingie kamwe kwenye mashine ya kusafishia vito kwa mtetemo.

Hatua ya 5: Lihifadhi peke yake.
Kwenye kipimo cha ugumu wa mawe cha Mohs, kinachoishia 10, lina 9, almasi ina 10. Kwa hiyo almasi italikwaruza, nalo litakwaruza lulu zako. Lakini ugumu hauzuii kumeguka: likianguka sakafuni, kingo zinaweza kubanduka.

Hatua ya 6: Zungumza na sonara kabla hajawasha moto.
Pete ikihitaji kulehemiwa, mwombe atoe jiwe kwanza. Unga wa asidi ya boriki unaopakwa kukinga dhahabu huula uso wa yakuti, hata ile isiyofanyiwa chochote.

Kila baada ya miezi michache, ishike pete karibu na sikio na uitikise taratibu. Ukisikia mgongano mdogo, makucha yanayoshika jiwe yamelegea. Ivue mpaka sonara ayabane.