Unadhifu wa waya huanzia chini ya skrubu

Niliitwa saluni moja hapa Tanga. Draya mbili zikiwashwa pamoja, taa zinafifia. Nikafungua boksi la breka: nyaya zimenyooka, zimefungwa vizuri, kona zote zimekunjwa kwa adabu. Kwa macho, kazi safi kabisa. Ila nyutro moja, yaani waya unaorudisha umeme, plastiki yake ya bluu ilikuwa imegeuka kahawia mwishoni kwa joto. Nilipoilegeza nikakuta skrubu imebana plastiki, shaba imeshikwa kwa ncha tu.

Tangu hapo vijana ninaowafundisha nawaambia: unadhifu ni lazima, lakini kaza kwanza, pamba baadaye.

Zima meini swichi, kisha hakikisha kwa testa uliyoijaribu kwanza mahali penye umeme. Nyaya zinazotoka kwenye mita kuja meini swichi bado zina umeme, usiziguse.

Menya waya kulingana na kina cha tundu. Ukizidisha, shaba inabaki nje. Ukipunguza, skrubu inakula plastiki. Usizungushe kisu mpaka kikaichora shaba, maana waya utakuja kukatikia hapo hapo. Ingiza, kaza, halafu vuta kwa mkono. Ukichomoka, heri umechomoka ukiwa umeushika wewe.

Kwenye kukaza nawaweka vijana muda mrefu, na wengine hukasirika. Kiungo kilicholegea kikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, ampea 20 zikipita zinazalisha wati 40 za joto, tena mahali padogo kama punje ya hindi. Breka haitakata, kwa kuwa mkondo wenyewe haujazidi. Itakaa kimya huku plastiki ikiungua.

Ukishakaza ndipo upange. Nyutro ya breka ya tatu iende skrubu ya tatu kwenye baa ya nyutro, kile kipande cha metali chenye skrubu nyingi, na erthi yake, waya wa usalama, vilevile kwenye baa ya erthi. Siku ya hitilafu, fundi atafuata namba badala ya kuvuta waya usiohusika. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto, yaani waya unaoleta umeme, na nyeusi kwa nyutro. Mpya, kahawia na bluu. Ukikuta zimechanganyika, weka alama. Kwenye mfuniko andika “soketi za jikoni”, kwa wino usiofutika, maneno ambayo hata mama mwenye nyumba atayasoma gizani kwa tochi ya simu.

Usifunge nyaya nyingi zenye mzigo mkubwa fungu moja lililobanana, hata kama linapendeza. Zinapashana joto na hazipoi.

Mwisho, kila waya uachie ziada ya kiganja kimoja ndani ya boksi. Fundi aliyenitangulia pale saluni alikosea skrubu, lakini hilo alilifanya. Nilikata sehemu iliyoungua, nikamenya upya, na waya ukafika bila kuungwa.