Mwenzako ameumia mguu milimani Kondoa: fanya hivi

Miaka ya mwanzo ya kutembeza wageni niliwahi kumwinua kijana aliyeteleza kwenye miamba ya Kolo, ile yenye michoro ya kale, nikamwambia, "Jikaze kaka, gari liko hapo chini tu." Hapo chini palikuwa mwendo wa saa nzima. Picha ya hospitali ilionyesha mfupa umevunjika, na huenda kutembea kule kulimzidishia. Sasa nafuata utaratibu huu.

1. Asinyanyuke bado. Tazama kwanza kama jiwe lililomwangusha halitawaporomokea. Kama alijigonga kichwa, au shingo na mgongo vinauma, alale hivyohivyo hadi msaada ufike. Damu inatoka? Bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo, na usichungulie. Ukichungulia, damu iliyoanza kuganda inabanduka.

2. Umeteguka au umevunjika? Kifundo cha mguu kina vifupa viwili vilivyotokeza, ndani na nje. Vibonyeze kwa kidole, hasa ukingo wa nyuma. Akiruka kwa maumivu, au akishindwa kupiga hatua nne mwenyewe, chukulia umevunjika. Nimesema hatua nne, sio "twende mpaka pale kwenye mbuyu tuone".

3. Funga gango. Tafuta fimbo mbili zinazotoka chini ya goti hadi kupita unyayo. Zungushia sweta mguuni ili fimbo zisichome, kisha funga kwa vipande vya kanga, juu na chini ya kifundo, sio juu ya penyewe palipoumia. Mguu uliopinda usiunyooshe kwa nguvu. Kiatu kiache, legeza kamba. Kila robo saa muulize kama vidole vinacheza na vinahisi. Vikifa ganzi, legeza vitambaa na kiatu kitoke.

4. Kivuli. Oktoba mbuyu ni mifupa mitupu, usiutegemee. Msogezeni chini ya mwamba uliotokeza kama paa. Wazee waliochora michoro ile walijua pa kukaa. Maji anywe kidogokidogo. Usiku ukiwakuta, mtandikie majani makavu, kwa sababu jiwe la Juni linanyonya joto la mwili.

5. Tuma mtu, na karatasi. Mkiwa watatu, mmoja abaki na mgonjwa. Anayekwenda asitegemee kichwa chake, maana akifika kijijini anahema na kila mtu anamuuliza lake. Mwandikie:

*"Mwanaume, miaka 34. Kaanguka saa 5:20 asubuhi. Mguu wa kulia, kifundo. Anaongea vizuri, hatembei. Tuko juu ya korongo, upande wa machweo, kitambaa chekundu kimefungwa mtini. Tunahitaji watu sita na machela."*

Simu ikigoma, jaribu ujumbe mfupi; mara nyingi hupenya pale sauti inapokatika. Namba ya dharura ni 112, lakini kwa porini mwenyekiti wa kitongoji anakusanya wabebaji haraka kuliko mtu yeyote. Msalimie kwanza, hata kama una haraka.

Machela ni miti miwili imara na mashati matatu yaliyofungwa vifungo, miti ikapita mikononi. Mjaribuni mzima kwanza.

Kama ni nyoka, mambo mawili yanageuka. Kiatu, pete na bangili vitoke mara moja, kabla uvimbe haujapanda. Na hata hatua moja asipige: funga gango kama la mfupa uliovunjika, kisha abebwe. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Jiwe jeusi la nyoka ninalionea huruma, watu wanalinunua kwa imani lakini sumu halitoi. Kifutu habanduki njiani hata ukimkaribia, kwa hiyo usirudi kumtafuta umuue.

Chora kwa kalamu pale uvimbe ulipoishia, andika saa pembeni, rudia kila nusu saa. Na kabla gari halijawashwa, pigeni simu hospitali mnayokwenda muulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo. Wakisema imeisha, waulizeni ipo wapi, mwende huko moja kwa moja.