Kula Hotelini Bila Ngano Kisumu na Magharibi: Anza kwa Kuuliza Mafuta

Mtu anayeishi na ugonjwa wa seliaki katika eneo la Ziwa Victoria nchini Kenya ana nafuu ambayo wenzake wa nchi za mkate hawana, kwa sababu chakula chetu cha kila siku, kuanzia ugali wa mahindi, wa mtama au wa muhogo hadi samaki, kuku wa kienyeji, mboga za saga na mrenda, nyoyo (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja) na viazi vitamu, hakina gluteni kwa asili yake. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, na kwa mwenye seliaki huufanya mwili ujishambulie wenyewe na kuharibu utando wa utumbo mwembamba unaofyonza chakula. Tiba iliyopo ni kuiacha kabisa, maisha yote. Kwa hiyo shida ya kula hotelini Kisumu, Kakamega au Nakuru si kukosa cha kuagiza. Shida iko jikoni, kwenye karai, mwiko na sufuria ya mchuzi, ambamo ngano huingia katika chakula kisicho na ngano bila mlaji kuiona.

Mimi nilifundishwa na samaki. Miezi michache baada ya kupimwa na kukutwa na seliaki niliketi kwenye kibanda kimoja karibu na ziwa, nikauliza kama chakula kina ngano, nikajibiwa hapana, nikaagiza ngege wa kukaanga na ugali. Usiku huo tumbo lilifura na kuniuma, na kwa siku tatu sikuwa na nguvu. Niliporudi kumwuliza mama aliyekuwa akipika, hakunificha neno. Alinionyesha sinia ya unga mweupe kando ya jiko, akachukua samaki mbichi, akampitisha humo upande mmoja kisha wa pili, akamkung'uta mara mbili na kumtia kwenye mafuta. Alisema ni unga kidogo tu wa ngano, ili ngozi isishike karai. Jibu lake la kwanza lilikuwa la moyo safi, kwa maana kwake ngano ni chapati na mandazi. Tangu siku hiyo siulizi tena kama chakula kina ngano, nauliza kimepikwaje.

Maneno unayotumia ni muhimu sana. Neno gluteni halimwambii mhudumu chochote, na neno unga peke yake ni hatari zaidi, kwani kwetu unga ni wa ugali, na ukisema hutumii unga utaondolewa ugali na kuletewa chapati kwa nia njema. Taja unga wa ngano kwa jina lake lote. Baada ya salamu, mimi husema hivi: "Dada, nina aleji kali ya unga wa ngano, hata kidogo sana huniletea ugonjwa. Naomba uniulizie jikoni, au uniruhusu nizungumze na mpishi mwenyewe." Najua seliaki si aleji kwa maana ya kidaktari, lakini neno hilo linaeleweka haraka na linachukuliwa kwa uzito. Mpishi akija, maswali yangu ni manne: je, samaki au kuku amepakwa unga wowote kabla ya kukaangwa? Mafuta haya yamekaanga nini tangu asubuhi? Mchuzi umetiwa unga ili uwe mzito? Na viungo vya paketi ni vipi, nivisome? Unaweza kuyaandika kwenye kadi ndogo kwa Kiswahili, na upande wa nyuma jamaa yako akuandikie kwa Dholuo au Kiluhya, kwa sababu katika vibanda vya sokoni mpishi mwenye umri mkubwa hulichukulia jambo kwa makini zaidi linapomfikia kwa lugha yake.

Swali la mafuta ndilo lisiloachwa kamwe. Katika hoteli nyingi siku huanza kwa chai na mandazi, kisha mafuta yale yale hubaki kwenye karai na mchana hukaanga samaki, chips, sambusa na kuku wa unga. Ukichungulia chini ya karai utaona chembe nyeusi zilizotulia. Nyingi ni unga wa ngano ulioungua, na moto hauondoi gluteni, wala kuyachuja mafuta hakutoshi. Kipimo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, huruhusu chakula kiitwe kisicho na gluteni ikiwa gluteni yake haizidi miligramu 20 kwa kila kilo, na gramu moja tu ya unga wa ngano ikichanganyika na kilo nzima ya chakula inatosha kuvuka mpaka huo. Ndiyo maana chips, ambazo ni viazi vitupu, mimi siziagizi mpaka nihakikishe zina karai lake.

Jihadhari pia na samaki wa mchuzi, kwani mara nyingi hukaangwa kwanza ndipo akatiwa nyanya na vitunguu. Omba aliyechemshwa kutoka mbichi katika sufuria safi, au aliyechomwa. Kwa nyama choma, omba chumvi peke yake, isiyolowekwa kwenye sosi ya soya, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa ngano, na iwekwe mbali na soseji kwenye wavu. Ugali mweupe huwa salama iwapo mwiko wake haukorogi kitu kingine, lakini ugali wa kahawia na uji wa unga uliochanganywa vinahitaji swali, kwa kuwa wasagaji wengine huongeza ngano humo, au husaga ngano kwenye kinu hicho hicho. Na mkila pamoja, omba sahani yako. Mkono uliotoka kumega chapati haufai kurudi kwenye ugali mnaoshiriki.

Kisumu ina hoteli nzuri za Kihindi, nazo zina vyakula vya mchele na dengu vinavyomfaa mtu wetu. Hapo uliza kuhusu mvuje, kiungo ambacho wapishi hao hukiita hing, maana ule wa unga unaouzwa dukani mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano. Bhajia nazo, hata zikiwa za unga wa dengu mtupu, hurudi kwenye swali la mafuta.

Safarini kuelekea Nakuru ni bora kubeba chakula, kwa sababu gari likisimama dakika kumi huna nafasi ya kuzungumza na mpishi. Ndizi, njugu, nduma na mahindi ya kuchoma vinatosha. Yai la kuchemsha ni zuri, lakini muuzaji hulipasua kwa kisu kilichotoka kukata smokie, ile soseji ya mitaani, na smokie nyingi zina ngano. Omba yai zima, ulimenye mwenyewe. Bia ya kawaida ni ya shayiri, hivyo iache.

Nenda hotelini kabla ya saa sita mchana au baada ya saa nane, jikoni kukiwa na utulivu. Chakula kikija na chapati juu yake, kuiondoa chapati hakutoshi. Omba kwa upole sahani nyingine iliyopakuliwa upya, na kama hawawezi, lipa chai yako uondoke. Na kama unashuku una seliaki lakini hujapimwa, usiache ngano kwanza, maana vipimo vinaweza kushindwa kuonyesha ugonjwa ikiwa umeshaiacha. Muone daktari mapema.

Mimi nina daftari dogo ambamo naandika hoteli, jina la mpishi, alichonipikia na hali yangu siku iliyofuata. Mpishi akihama, naipigia mstari hoteli hiyo na kuanza maswali yangu upya, hata kama nimekula hapo mara ishirini.