Ukiwapeleka wazee baharini kutoka Dodoma, anza na mwezi

Wanadiaspora wengi wenye kwao Dodoma, Kongwa au Mpwapwa hupanga safari ya pwani hivi: tiketi ya ndege kwanza, hoteli kwa kuangalia picha, halafu tangazo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba Desemba hii tunakwenda Zanzibar wote. Tarehe zinaamuliwa na likizo ya kazini na kipaimara cha mtoto wa dada. Mwezi wa angani hauulizwi. Msafara unafika Paje, upande wa mashariki wa Unguja, saa nne asubuhi, taulo begani, na mbele yao ni mchanga mtupu mpaka macho yanachoka. Nilimsikia mzee mmoja wa kwetu, baada ya kuukagua ule ukavu kwa utulivu, akiuliza: "Kwani na huku kuna mgao?"

Hakukuwa na mgao, maji yalikuwa yamepwa. Sisi wa bara tumezoea maji ya mabwawa ya Hombolo na Mtera, yanayopungua kiangazi na kurudi masika. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, ikivutwa na mwezi na jua. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na robo, na kila siku ratiba husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kwa hiyo mhudumu wa hoteli aliyekuambia kwamba maji hujaa mchana alisema kweli kwa siku ile tu.

Jambo la kushika kabla ya kulipa chumba ni hili. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, na hapo huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti kati ya juu na chini kwenye pwani ya Unguja na Dar es Salaam inaweza kukaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haisogei sana. Na kuna utaratibu ambao wavuvi wanaujua bila simu: siku za bamvua maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka, hujaa asubuhi na kupwa alasiri. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana kila anachohitaji: mwanzo na katikati ya mwezi ni bamvua, siku ya saba, nane na ile ya ishirini na mbili hivi ni maji mafu.

Chukua Desemba 2026. Mwezi mpevu ni tarehe 24, kwa hiyo Krismasi na siku mbili tatu baada yake ni bamvua. Ukitaka kuogelea asubuhi upande wa mashariki wa Unguja, siku hizo zitakukera. Sogeza safari hadi mkesha wa mwaka mpya na siku inayofuata, asubuhi utakuta maji yamejaa. Lakini kama unachotaka ni wazee watembee juu ya sakafu ya bahari bila kulowa magoti, Krismasi ndiyo yenyewe. Kwa wazee wetu wasiojua kuogelea, mimi ningechagua bamvua bila kusita.

Angalizo kwa mliozoea saa za huko ughaibuni: majedwali ya mtandaoni huandika 10:00, nasi tunaita saa nne. Mengine hutumia saa ya Greenwich, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Ukimtumia nahodha ujumbe wa "tukutane saa kumi" ukiwa na maana ya 10:00, atakuja jioni, na kosa si lake.

Tukija kwenye maeneo. Paje, Jambiani, Bwejuu na Matemwe ziko nyuma ya mwamba wa matumbawe, na maji yakipwa huenda mbali sana. Ndipo kina mama hushuka kwenye mashamba ya mwani: safu za vigingi, kamba zimetandwa baina yake, mama ameinama maji yakimfika kwenye vigimbi vya miguu, anafunga kijiti cha mwani kimoja kimoja kwa kikamba. Ni kazi yao, na wana saa chache tu kabla maji hayajarudi. Usikanyage kamba, na usimpige picha mtu bila kumwomba. Nungwi na Kendwa, kaskazini, zina kina karibu na ufuko, kwa hiyo watoto wanaoga karibu saa zote. Kule Pingwe kuna mgahawa The Rock, juu ya jiwe: maji yakipwa unakwenda kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa boti. Kwa bibi mwenye magoti mabovu, hilo liamue kabla hujaweka nafasi.

Visiwa vya mchanga kama Nakupenda, mbele ya Mji Mkongwe, huonekana maji yakiwa chini na kufunikwa yakijaa. Maziwe, nje ya Pangani, ulikuwa na miti zamani. Sasa ni fungu la mchanga lisilo na kivuli. Beba mwavuli. Bagamoyo ni rahisi zaidi kwa ukoo mkubwa: ufuko mpana, na maji yakipwa majahazi hulala ubavu mchangani, wazee wanayagusa kwa mkono.

Hatari yenyewe watu wa Dodoma wanaielewa upesi ukiwaambia ni kama korongo: mvua imenyesha kwingine, wewe umesimama pakavu, maji yanakuzunguka. Ukitembea kuelekea kwenye mwamba, kuna mabonde nyuma yako yanayojaa kwanza. Maji hayaji kwa mwendo mmoja pia. Saa ya kwanza huja polepole, na katika saa ya tatu na ya nne huingia nusu ya maji yote. Anza kurudi mara maji yanapogeuka, usisubiri yakufikie. Watoto waoge yanapoingia. Yanapotoka, kwenye nafasi za mwamba, huvuta mtu kwenda nje.

Vaa viatu vya mpira vyenye kisigino cha kufunga. Kandambili hubaki kwenye tope. Kuna viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu kama sindano, na samaki aitwaye taa hujifukia mchangani, kwa hiyo buruza miguu badala ya kuinyanyua.

Kufika ni rahisi sasa. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, na ile ya haraka hufika Dar es Salaam chini ya saa nne. Kutoka stesheni hadi boti za Zanzibar ni mwendo mfupi wa bajaji, na boti huchukua kama saa mbili. Kusi likivuma, Juni hadi Septemba, boti huyumba na upande wa mashariki hupata mawimbi na majani mengi. Mpe bibi tangawizi, akae nyuma na katikati.

Ndugu wa Tanzania waje na vitambulisho vyao. Wenye pasipoti za kigeni, wakiwemo watoto wako waliozaliwa huko, wanatakiwa kuwa na bima ya Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024 kwa dola 44 kwa mtu mzima. Ilipe mtandaoni kabla ya kusafiri, maana foleni ya bandarini ukiwa na wazee kumi na mbili nyuma yako si ya kutamani.